Sinia Zisizo na Pilipili

Hemedi tulimzika Pangani mwezi uliopita, baada ya sala ya adhuhuri, na wanaume waliporudi kutoka makaburini walikuwa wamechoka kwa jua mpaka hakuna aliyetaka mazungumzo. Sisi wanawake tulikuwa ndani kwenye mikeka, na mimi nilikaa bega kwa bega na mama yake, Bi Rukia, ambaye ni mama yangu mkubwa. Ana umri ambao yeye mwenyewe ameacha kuufuatilia. Macho yamemwishia, lakini masikio, wallahi, yanasikia hata unachofikiri. Waliokuja kutoa pole walisema yale ya kawaida: mtu mpole, mtu wa watu, fundi baiskeli mwaminifu wa Ngamiani, kule Tanga. Yote kweli. Hakuna aliyesema kwamba Hemedi aliwahi kuwa nahodha wa boti, wala kwamba aliwahi kuwekwa ndani. Vijana hawajui, na wazee wamezoea kutolisema. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefokea watoto wa watu kwa miaka mingi hadi sauti ikakwaruza, na kwa hasira zilezile naona si haki mtu afukiwe na jambo kubwa namna ile bila hata mmoja wetu kuliandika. Kwa hiyo nauandika mwaka ule.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa nini nilikuwa nikiishi kwa mama mkubwa na si kwetu ni habari nyingine, na haina faida hapa. Nyumba ilikuwa ya mawe, ya zamani, chokaa inabanduka kwa vipande unavyoweza kuokota na kuandikia ukutani, kama nilivyofanya, na nikafokewa. Mbele palikuwa na baraza na chumba cha kupangisha chenye mlango wake wa nje. Nyuma palikuwa na ua, na uani ndiko tulikoishi hasa: mafiga matatu, pipa la maji, mbuzi ya kukunia nazi iliyolainika kwa makalio ya wanawake waliotangulia, na kamba ya nguo iliyokuwa ikitukata shingo kila tulipopita na sufuria. Ulikuwa wakati wa shida ya vitu. Sukari ilipatikana kwa foleni, sabuni kwa kujuana. Lakini nazi, muhogo na samaki havikuhitaji foleni, na nyumba ile haikujua kupika chakula kidogo.

Kisiwa chenyewe sitakitaja. Wenyeji wanakijua na asiyekijua hatapungukiwa. Zamani wanawake walikuwa wakienda huko maji yakipwa kuokota chaza, kisha jeshi likakichukua, tukaambiwa asiye na kazi asikisogelee, na tangu hapo tukakiita Kambini tu. Waliojua mambo, au waliojifanya wanajua, walisema barazani kwamba ukiwa kule huoni tu meli zipitazo kati ya Pemba na bara, unazisikia mpaka zinachosemeshana. Sisi hayo hayakutuhusu. Kilichotuhusu ni kwamba kule kulikuwa na watoto wa wenyewe, waliotoka Iringa na Mara na Tabora, wasiokuwa na mama wa kuwapikia. Kila Ramadhani ikiingia, nyumba za mtaa wetu zilipika futari ya Kambini. Wapo waliofunga kule na wapo wasiofunga, wapo waliokuwa Wakristo, na mama mkubwa hakutaka kusikia habari hizo. "Njaa ya jioni haina dini," alisema, na aliyebisha alipewa nazi akune.

Chakula kilikusanyikia kwetu kwa sababu Hemedi, mwanawe wa pekee, ndiye aliyekuwa na kazi ya kupeleka vitu Kambini kwa boti ya mashine: mikate, mboga, mkaa, mafuta ya taa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, mcheshi, mwenye tabia ya kuiba kaimati kabla ya adhana na kujitetea kwamba alikuwa anaonja kwa niaba ya jeshi. Sasa niseme jambo ambalo mtu wa kwingine huenda akalicheka. Kwetu, watu hawahesabiwi. Ukisema waziwazi "nyumba hii ina watu saba", utaambiwa unataka kuwapunguza, ni uchuro. Tunahesabu sinia. Sinia moja wanakaa wanne, wakibanana watano, na anayepika hujua sinia ngapi, basi. Kila alasiri Hemedi alirudi kutoka Kambini, akasimama kwenye mlango wa ua, akasema, "Leo sita," au "Leo saba." Mama mkubwa aliipokea ile hesabu na kuipaza kwa wanawake wote waliokuwa wanasaidia, mpaka jirani wa nyuma ya ukuta naye aseme, "Nimesikia, naleta mbaazi." Hemedi hakutaja mtu hata mmoja. Hata ungemwapisha, angeapa kwamba hakuwahi kumwambia yeyote Kambini kuna askari wangapi, na angekuwa mkweli.

Marta alifika wiki chache kabla ya Ramadhani ya mwaka ule. Alikuwa mwanamke wa Kizungu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye mikono iliyoungua na jua. Alisema anachunguza kasa, wanataga wapi na lini, na vibali vyake vyote vilikuwa sawa. Alitoka nchi gani? Alitutajia moja, baadaye tukaambiwa nyingine, na mimi hadi leo sijui. Alipanga kile chumba cha mbele. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa bidii kuliko kwa akili: aliwaamkia shikamoo watoto wa miaka mitano, nao wakamjibu marahaba bila aibu, wakawa wanakuja asubuhi makusudi ili waamkiwe. Mama mkubwa alimpenda siku ya kwanza. Mwezi ulipoandama Marta akasema atafunga na sisi kwa heshima ya nyumba, na kweli alifunga. Nilimwona mchana midomo imemkauka, ametulia, hajalalamika. Watu wengine husema alijifanya. Sijui mtu hujifanyaje na kiu.

Uani kila mtu alikuwa na kazi yake. Mimi nilikuna nazi na kuchuja tui, mama mkubwa alikaa kwenye kigoda akiamuru na kuonja kwa pua, maana ulimi ulikuwa umefunga. Marta hakujua kupika, muhogo alioukata ulitoka vipande vya ukubwa wa kutisha, kwa hiyo mama mkubwa akampa kazi asiyoweza kuharibu. Chakula kikishapakuliwa, yeye alikuwa akifunika kila sinia kwa kawa lake na kuzipanga ukutani zikimngoja Hemedi. Alifanya vizuri sana, kwa upole, akilinganisha kila kawa. "Tazama mwenzio asivyo na haraka," mama mkubwa aliniambia, "we ungekwisha kuyatupia kama unafunika kuku." Marta alicheka. Hakuwahi kuuliza chochote kuhusu kisiwa. Hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko mengine yote. Watu hudhani mpelelezi ni mtu anayeuliza maswali.

Siku moja katikati ya mwezi, Hemedi alisimama mlangoni akasema, "Leo kumi na moja." Mama mkubwa aliinuka kwenye kigoda.

"Kumi na moja? Wamezaliana hao?"

"Kapteni anaomba radhi. Kapata wageni. Na katika hizo, sinia tatu zisiwe na pilipili hata kidogo, na samaki asipakwe nazi nzito. Anasema matumbo yao hayajazoea."

"Sinia tatu zisizo na pilipili!" Mama mkubwa aliwageukia wanawake kama aliyetukanwa. "Mmesikia? Haya, tuletee muhogo mwingine hapo, na we Zuhura," akaniambia, "ongeza nazi tano."

Kulikuwa na kelele na moshi, watu wakigombea mwiko. Marta alikuwa ameshika kawa mkononi. Akauliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Hawa wasiokula pilipili, ni wagonjwa?" Na mama mkubwa, jasho likimtiririka, akamjibu bila hata kugeuka: "Wagonjwa wapi! Wazungu wenzio hao, matumbo laini. Nani mwingine anakula samaki mkavu mkavu?" Wanawake wakacheka. Hemedi alicheka pia. Marta alicheka kuliko wote, akafunika sinia yake.

Zile sinia tatu ziliendelea mpaka mwisho wa mfungo. Nakumbuka sikukuu kwa harufu ya pilau na kwa namna Marta alivyovaa kanga aliyopewa na mama mkubwa, ameifunga vibaya, anaishikilia kiunoni. Siku chache baadaye akasema kazi ya kasa imekwisha. Aliaga nyumba kwa nyumba. Alimkumbatia mama mkubwa kwa muda mrefu mpaka Hemedi akasafisha koo, kisha akapanda gari la kwenda Tanga. Mtaani walianza kusema kwamba Hemedi amebaki na donda la moyo. Ni kweli alikuwa akimchekesha Marta kila alipopata nafasi, lakini Hemedi alimchekesha kila mtu, hata mkaguzi wa boti. Maneno yale tuliyachukulia mzaha. Baadaye yaligeuka ushahidi.

Mambo yaliharibika kwa redio. Wanaume walikuwa barazani kwetu jioni, chai ya tangawizi imezunguka, wanasikiliza idhaa moja ya nje, na mtangazaji akaanza kuzungumzia kisiwa chetu. Hakukitaja kwa jina la Kambini, bila shaka, alikitaja kwa jina lake. Akasema watu wa kule wameongezeka karibu maradufu, na kwamba miongoni mwao wapo wataalamu wa kigeni, kama kumi na wawili, wanaofunga mitambo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na birika. Kisha mzee mmoja akasema taratibu, "Hao wamejuaje?" Hemedi aliingia ndani akanitazama, na niliona usoni mwake kwamba ameshaelewa kabla yetu sote. Aliweka kikombe chini, akaenda kumsaidia mama yake kutandaza nazi zilizokuwa zinakaushwa, kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu utoto.

Walikuja kumchukua mchana, watu wawili waliovaa kiraia, na adabu zao. Waliamkia, wakangoja avae shati. Mama mkubwa aliwaletea maji ya kunywa kwa mazoea, na baadaye alijichukia kwa maji yale. Walichosema kilikuwa kifupi: anayekwenda na kurudi Kambini kila siku ni mmoja. Kapteni aliyeagiza zile sinia alihamishwa wiki hiyohiyo, hatukumwona tena, wala hatukusikia kwamba amesema lolote la kumtetea Hemedi. Huenda alisema. Sipendi kumhukumu mtu nisiyejua alikohamishiwa.

Siku ya tatu mama mkubwa alivaa buibui lake zuri, akanishika mkono, tukapanda basi kwenda Tanga. Njia nzima alikuwa akitamka maneno chini kwa chini, akiyapanga. Tulipelekwa kwenye jumba moja la zamani kule Raskazone, lenye veranda pana na madirisha yanayotazama bahari, nyumba ambayo kwa siku nyingine ningeisifia. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana, ametoka bara, alimpa mama mkubwa kiti na kumwita mama. Naye mama mkubwa akamweleza yote. Alieleza kuhusu sinia, kwamba moja wanakaa wanne, kwamba Hemedi alitaja sinia na si watu, na kwamba aliyezipaza hesabu ni yeye, mbele ya mgeni, na kwamba habari ya Wazungu wasiokula pilipili aliitoa yeye kwa mdomo wake. "Mwanangu hana kosa. Kama kosa lipo, lipo jikoni kwangu. N'shikeni mie."

Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kalamu.

"Mama, unataka nimwambie mkubwa wangu kwamba siri ya nchi ilitoka kwenye futari?"

"Mwambie. Ndivyo ilivyotoka."

Alitabasamu, na si kwa ubaya. Nadhani alimwona ni mzazi tu, anayesema chochote kumwokoa mtoto wake, na kwa kweli ni nani angemwamini? "Rudi nyumbani, mama yangu," alisema. "Usijisumbue. Mwanao ameshakiri. Amesema mwenyewe kwamba ndiye aliyekuwa akimpa yule mwanamke habari."

Mama mkubwa hakulia. Alishukuru, akasimama, na mlangoni akajikwaa. Ndani ya basi aliegemeza kichwa dirishani mpaka tulipokaribia Pangani, ndipo akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Kumbe keshasema." Mimi nilidhani anamaanisha wamemlazimisha. Nilikuwa na hakika hiyo mpaka mwezi uliopita, na sikuona haja ya kumuuliza zaidi.

Miezi iliyofuata nyumba ilikuwa na ukimya ambao sikuujua. Wanawake waliacha kuja uani kwetu. Hawakusema neno baya, walikuwa na udhuru tu, huyu mguu, yule mgeni. Mama mkubwa alipika chakula cha watu wawili, na kwa kuwa mikono yake haikujua kipimo hicho, tulikula kiporo kila siku. Kila mara nilipomkuta peke yake alikuwa kwenye mswala. Chumba cha mbele hatukukipangisha tena. Mara mbili tulipeleka nguo na dawa Tanga, zikapokelewa, Hemedi mwenyewe hatukuonyeshwa. Nilipata nafasi ya chuo cha ualimu mwaka ule, nikaiahirisha, na nilimnunia mama mkubwa kwa siku kadhaa kwa sababu alinihimiza niende. Nilikuwa mtoto. Nilimpenda Hemedi kama kaka wa tumbo moja, na nilikuwa nimechoka kumsubiri.

Alirudi ilipokaribia Ramadhani nyingine, akiwa amekonda, kiuno kinamuuma, anatembea kama mtu anayebeba maji asiyetaka yamwagike. Mama mkubwa alimshika uso kwa mikono miwili. Alimuuliza kama amekula. Hemedi akamwambia, "Wameona nimekaa vya kutosha, mama, wameniachia," na hayo ndiyo maneno yote aliyomweleza kuhusu jambo lile, siku ile na siku zote. Jioni alinikuta kisimani. Hapo ndipo aliponiambia. Siku ya pili tangu ashikwe, walimwambia kwamba kama si yeye aliyesema basi ni watu wa nyumbani kwake, na watamleta mama yake wamuulize vizuri. Akauliza, mtamuulizaje? Hawakumjibu. Basi akasema ni yeye. Alitunga kila kitu, wapi alikutana na Marta, alimwambia nini, na kwa kuwa mtaani walishasema anampenda, hadithi ilikaa sawa. Alipoambiwa kwamba mama yake amekuja kujishtaki, alicheka mbele yao ili wasimwamini. Hatimaye Marta alikamatwa katika nchi nyingine, kwa jina jingine, na katika maelezo yake hakumtaja nahodha yeyote. Alilitaja jiko la mama mmoja aliyekuwa akimpenda. Ndipo wakaona hakuna wa kushitakiwa kwa futari, wakamfungulia Hemedi mlango.

"Basi kamwambie mama," nilisema. "Ajue umesafishika."

"Nikimwambia nimesafishika, ataniuliza kwa nini nilikubali. Na akijua, atajiua kwa kufikiri. Niapie, Zuhura."

Nikamwapia. Hemedi hakuweza kukaa Pangani. Alihamia Ngamiani, akajifunza kutengeneza baiskeli, hakukanyaga boti tena maisha yake yote. Kila sikukuu alikuja, akala kidogo, akawa na haraka ya kuondoka. Nilimlaumu kwa hilo akaniambia, "Nikikaa naye sana nitasema." Mama mkubwa naye hakumzuia hata siku moja. Alimfungia chakula cha kwenda nacho, akamsindikiza mpaka mlangoni, akampangusa vumbi begani. Nilipowatazama niliona mama anayemwonea huruma mwanawe aliyedhulumiwa. Ndivyo nilivyoamini, na nilifurahi kwamba angalau wanapendana.

Siku ya tatu baada ya maziko, tulipomaliza khitma na watu wakatawanyika, mama mkubwa aliniita nikae karibu. Alipapasa mkeka mpaka akaupata mkono wangu.

"Zuhura, we ndiwe uliyekuwa ukiambiwa mambo yake. N'ambie sasa, kesha kwenda. Yule mwanamke alimpa nini Hemedi, hata akatuuza?"

Sikumwelewa kwanza. Kisha nikaelewa. Miaka yote ile. Ule upole wa mlangoni, kile chakula cha kufungiwa, ulikuwa ni upole wa mama kwa mtoto mwenye hatia. Hakuwahi kumuuliza kwa sababu hakutaka kumwaibisha. Na aliyeniapisha alikuwa amelala kaburini, na sikuona kiapo gani kingeweza kunizuia tena. Nikamwambia yote, kuanzia kisimani mpaka jiko alilolitaja Marta. Nilikuwa nikilia, yeye hakulia. Alisikiliza huku amekaza mkono wangu, mpaka nikamaliza.

"Kila sala," akasema. "Kila sala, tangu siku ile tuliyotoka Raskazone, n'mekuwa nikimwomba Mungu amsamehe Hemedi dhambi ile." Akauachia mkono wangu. "Kumbe nilikuwa nikimsingizia mwanangu kwa Mungu."

Akaniomba maji ya kutawadha. Nilimwambia alasiri bado, mama, bado sana. Akasema si ya alasiri.